Kadi ya pointi kwa muuza nguo wa Ngamiani: hesabu ya shemeji na hesabu ya daftari

Mwenye kisa ni mama mwenye duka la mabaibui, mitandio na mashuka huko Ngamiani, Tanga. Mumewe ni mwajiriwa wa mshahara. Mara mbili kwa mwaka mama huyu huenda Dubai kufunga mzigo: safari moja kabla ya Ramadhani ili nguo za Idi ziwahi kushuka, nyingine kuelekea mwisho wa mwaka. Shemeji yake anayeishi Dar es Salaam alimletea fomu tatu za kadi za mkopo zenye pointi au marejesho ya fedha. Hoja yake ilikuwa fupi: "Shemeji, unasafiri hivyo halafu unalipa taslimu kila mahali? Tiketi za bure unazitupa."

Swali lilikuwa ni kadi ipi kati ya hizo tatu ishike matumizi ya nyumbani na ya safari. Benki hatuzitaji, kwa sababu kisa kiko kwenye masharti. Viwango vyote vilivyomo humu ni vya fomu alizoletewa na daftari lake, na dola 1 tumeihesabu kwa sh 2,600 ili hesabu isiyumbe. Mwenye viwango vingine aweke vyake. Njia ya kupiga hesabu ni hiyo hiyo.

Pesa ya nyumba inapita wapi

Kabla ya kugusa pointi, tulianza na daftari la matumizi ya mwezi, na hapa ndipo ndoto nyingi za kadi hufia. Nyumba inatumia sh 2,400,000 kwa mwezi. Samaki wa Deep Sea na vitu vya soko la Mgandini ni 650,000, yote taslimu. Hakuna muuza changu atakayekutolea mashine ya kadi. Ada za shule, ukizigawa kwa miezi, ni 500,000, na zinalipwa kwa namba ya malipo au moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. LUKU, maji na vocha 220,000 kwa simu. Bodaboda, vibarua na nauli 180,000 mkononi. Chakula cha nje 100,000, na migahawa karibu yote ina Lipa Namba. Kinachobaki kwa mashine ya kadi ni mafuta ya gari 400,000, supamaketi 250,000, na hospitali na dawa 100,000.

Jumla ya kadi ni sh 750,000 kwa mwezi, yaani milioni 9 kwa mwaka. Shemeji alikuwa amepiga hesabu ya pointi kwenye milioni 28.8, yaani kila kitu mpaka dagaa.

Kuna waliojaribu kulizunguka hilo kwa kujaza pesa ya simu kutoka kwenye kadi ya mkopo, kisha kulipa Lipa Namba. Haifui dafu. Kila mfanyabiashara anayepokea kadi ana namba ya tarakimu nne inayoieleza benki yeye ni nani: supamaketi 5411, kituo cha mafuta 5541, wakala wa safari 4722, shirika la ndege 4511 au namba yake yenyewe kwenye kundi la 3000. Kujaza pesa ya simu huingia kwenye namba kama 6051 au 4829, na benki nyingi huzihesabu hizo kama kutoa fedha taslimu: hakuna pointi, kuna ada, na riba inaanza siku hiyo hiyo.

Upande wa safari, kwa mwaka tiketi mbili ni dola 900, hoteli dola 600, na matumizi ya mkononi kule dola 300. Jumla dola 1,800, sawa na sh 4,680,000. Bei ya mzigo wenyewe tumeiweka kando kwanza. Ina sehemu yake.

Kadi ya kwanza: ya dhahabu, ya shilingi

Ada ya mwaka sh 150,000. Pointi 1 kwa kila sh 2,000. Pointi 2 zinabadilishwa kuwa maili 1 ya ndege, yaani pointi ya shirika la ndege ya kulipia tiketi. Manunuzi ya fedha za kigeni yanaongezewa asilimia 3.5 juu ya kiwango cha ubadilishaji cha mtandao wa kadi, kama Visa au Mastercard. Na kwenye ukurasa wa masharti, kwa maandishi ya sisimizi, mafuta hayahesabiwi.

Ondoa mafuta. Zinabaki sh 4,200,000 za ndani, ambazo ni pointi 2,100, na za safari pointi 2,340. Jumla 4,440, yaani maili 2,220 kwa mwaka.

Maili moja ina thamani gani? Usichukue neno la tangazo. Chukua tiketi unayoinunua kweli, toa kodi na tozo ambazo hata mwenye maili hulipa taslimu, gawa kwa maili zinazodaiwa. Tiketi yake ya kwenda na kurudi Dubai ni dola 450. Kwa maili, kampuni aliyoizoea iliitaka 30,000 pamoja na dola 180 za kodi na tozo. Kinachookolewa ni dola 270 tu, na 270 kwa 30,000 ni senti 0.9, kama sh 23 na ushei kwa maili moja.

Maili 2,220 zinakuwa na thamani ya sh 52,000 hivi. Ada pekee imeshazila karibu mara tatu. Ongeza asilimia 3.5 ya sh 4,680,000, ambayo ni sh 163,800, na kadi inamtoa zaidi ya sh 313,000 ili imrudishie 52,000. Na tiketi yenyewe ya bure? Kwa maili 2,220 kwa mwaka, 30,000 zinafika baada ya miaka 13 na nusu, ilhali pointi za kadi hii zinakufa baada ya miezi 36. Yaani haifiki kamwe.

Kadi ya pili: ya dola, yenye nembo ya shirika la ndege

Hii ndiyo iliyotaka kutuvuta, tena si kwa maili. Ada dola 100. Maili 1 kwa kila dola, na maili 2 kwa tiketi za shirika lenyewe. Kwa kuwa akaunti ni ya dola, tiketi ya dola haikatwi ubadilishaji. Matumizi ya dirham, fedha ya Dubai, yanakatwa asilimia 2. Dola 1,800 zinaleta maili 1,800, na tiketi za dola 900 zinaongeza nyingine 900. Jumla 2,700, thamani dola 24. Gharama ni ada 100 na ubadilishaji wa dola 18 kwenye hoteli na matumizi. Hasara dola 94.

Lakini kipeperushi kilisema pia "kilo 10 za ziada". Kwa mtu anayefunga mzigo, kilo ni pesa. Bei sahihi ya kuzipimia si ile ya kulipia uzito kaunta ya uwanja wa ndege, ambayo ni ya kuua, kwa sababu mfanyabiashara mwenye akili haipeleki nguo yake huko. Anamkabidhi wakala wa mizigo. Yeye hulipa dola 6 kwa kilo kwa ndege. Kilo 10 mara safari mbili ni dola 120. Ukiziweka, hasara ya dola 94 inageuka faida ya dola 26.

Tukamwomba aulize swali moja kwa maandishi: kilo zinakuja na kadi, au na daraja la uanachama? Jibu lilikuwa daraja, na daraja hupatikana kwa kuruka, si kwa kuchanja kadi. Safari mbili kwa mwaka hazimfikishi. Faida ikayeyuka.

Jambo la pili lililojificha hapo ni namba za tarakimu nne tulizozitaja. Yeye hununua tiketi kwa wakala hapo hapo mjini Tanga, kwa sababu wakala humpangia na tarehe akichelewa. Malipo ya wakala yanaingia 4722, si namba ya shirika la ndege, kwa hiyo maili za ziada 900 zisingekuja. Angelazimika kununua kwenye tovuti ya shirika lenyewe, na kila mara shirika hilo hilo, hata siku ambayo shirika jingine linauza kwa dola 60 pungufu. Punguzo moja la dola 60 ni zaidi ya mara mbili ya maili za mwaka mzima.

Kuitumia kadi ya dola nyumbani usifikirie. Tangu kanuni za 2025 zilizokataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, hata maduka yaliyokuwa yakidai dola sasa yanakutajia shilingi. Unakuwa umenunua dola ili benki ikubadilishie irudi shilingi, na kila njia ina makato yake.

Kadi ya tatu: ya kawaida

Ada sh 40,000, haina maili, inarudisha asilimia 0.5 ya manunuzi ya ndani, mafuta yakiwemo. Milioni 9 inaleta sh 45,000. Faida halisi: sh 5,000 kwa mwaka. Kati ya tatu hii ndiyo pekee isiyomtia hasara, na sh 5,000 haijazi hata lita mbili za petroli.

Ina mawili ya maana kuliko hizo 5,000. La kwanza ni siku za kulipa bila riba. Hesabu inafungwa tarehe 25, malipo yanadaiwa tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Ukinunua tarehe 26 Desemba, deni linaingia kwenye taarifa ya 25 Januari na kudaiwa 15 Februari: siku 51. Ukinunua 24 Januari, unapata siku 22 tu. La pili ni amana ya hoteli, pesa inayoshikiliwa mpaka uondoke: hushikiliwa kwenye kikomo cha mkopo uliopewa na benki badala ya kwenye pesa yako.

Siku hizo za bure zina mtego ambao watu huutambua wakishanaswa. Ukilipa kiasi cha chini tu, tuseme 120,000 kati ya 1,200,000, riba haianzi kuhesabiwa tarehe 15. Benki nyingi hurudi nyuma mpaka siku ya manunuzi. Kwa asilimia 2.5 kwa mwezi, mwezi mmoja wa sh 1,080,000 ni sh 27,000, wakati manunuzi hayo yalimletea marejesho ya sh 6,000. Kutoa fedha kwenye ATM kwa kadi ya mkopo hakuna hata siku moja ya bure.

Dhamana

Hapa ndipo kisa kilipoamuliwa, na shemeji hakuwa amepaweka kwenye hesabu kabisa. Mama huyu hana mshahara. Benki zote tatu zilitaka dhamana ya fedha: asilimia 110 ya kikomo, zifungwe kwenye akaunti ya muda maalumu mpaka kadi irudishwe. Kikomo cha sh 3,000,000 kinafunga sh 3,300,000.

Daftari lake linaonyesha mzigo unazunguka mara 4 kwa mwaka, na kila mzunguko unaacha asilimia 12 baada ya kodi ya pango na mishahara. Milioni 3.3 dukani inazaa sh 1,584,000 kwa mwaka. Ikifungwa benki kwa asilimia 6 inazaa 198,000. Tofauti ni sh 1,386,000. Hata ukisema nusu ya hiyo ni matumaini ya mfanyabiashara, inabaki karibu sh 700,000 dhidi ya maili za sh 52,000. Mtaji wa duka hauendi kukaa rehani kwa ajili ya pointi.

Njia ya kukwepa dhamana ipo: mume achukue kadi kwa mshahara wake unaopitia benki hiyo, mama apewe kadi ya nyongeza yenye jina lake. Inawezekana, na kwa familia nyingine tungeipendekeza. Wajue tu kwamba deni lote ni la mume, na likichelewa linaandikwa kwake kwenye taarifa za wakopaji zinazotunzwa na kampuni kama Creditinfo; siku akitaka mkopo wa nyumba litamngoja hapo. Halafu kuna ujumbe wa OTP, namba ya siri ya mara moja ya kuthibitisha malipo. Kwa kawaida unakwenda kwenye simu ya mwenye kadi kuu. Mama yuko Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, anataka kulipia hoteli kwenye mtandao, namba inaingia kwenye simu ya baba aliyelala Tanga, na muda wake ni dakika chache. Kama mnachukua kadi ya nyongeza, hakikisheni benki inaisajili kwa namba ya anayeishika.

Mke na mume walikuwa na pingamizi jingine, la riba, na hatukulichukulia kama pambo. Mkataba wa kadi ya mkopo una kipengele cha riba hata kama hutaichelewesha maishani. Wapo mashekhe wanaoruhusu ukilipa yote kwa wakati, wapo wanaokataa mkataba wenyewe. Hilo ni lao na shekhe wao. Sisi tuliloweza kuwaambia ni bei ya kujizuia: kadi pekee isiyo ya hasara ingewaingizia sh 5,000 kwa mwaka. Baada ya hapo hawakuhitaji kuulizana sana.

Mzigo kwenye kadi

Shemeji alirudi na hoja yake kubwa: mzigo wa dola 8,000 kwa safari ulipwe kwa kadi, hapo ndipo pointi zilipo. Tupige. Muuzaji wa jumla wa Deira anaongeza asilimia 2.5 ukilipa kwa kadi, kwa kuwa mashine inamkata yeye: dola 200. Kadi ya dhahabu inakata ubadilishaji wa 3.5 kwenye 8,200: dola 287. Pointi zinazopatikana ni 10,660, maili 5,330, thamani dola 48. Anatoa 487 kupata 48. Na kikomo cha kubeba mzigo huo kingedai dhamana ya karibu sh milioni 23.

Kwa muuzaji aliyezoeana naye, uhamisho wa benki kwa ankara ndio unaofaa. Ada yake mara nyingi ina kikomo cha juu, haipandi na mzigo kama asilimia ya kadi. Akibeba taslimu, akumbuke kwamba kuanzia dola 10,000 ni lazima kutamka forodhani.

Alichochukua

Alichukua kadi ya Visa ya akaunti ya dola, isiyo ya mkopo, kwenye benki yenye dirisha la Kiislamu, yaani huduma zisizo na riba. Akaunti hiyo si ile ya duka. Ni akaunti ndogo inayojazwa siku tatu kabla ya safari na kubaki karibu tupu mwaka mzima, kwa sababu kadi ya akaunti ikiibiwa namba, pesa inayoondoka ni yako wakati madai yanaendelea. Haki ya kudai malipo yasiyo halali ipo kwenye kadi hizi pia. Kwa kawaida muda wa kudai ni siku 120 hivi, lakini usiusubiri, toa taarifa siku unayoona ujumbe.

Kujaza kwake kwa safari moja ni hivi, tiketi ikiwa imeshalipwa: hoteli dola 300, matumizi 150, amana ya hoteli dirham 500. Dirham imefungwa kwa dola kwa 3.6725, hivyo 500 ni dola 136. Jumla 586, anaweka 650. Hizo za juu zinameza ada ya utalii ya Dubai, ambayo hutozwa mapokezi kwa kila chumba kwa usiku, dirham 7 hadi 20 kulingana na daraja la hoteli, na mara nyingi haimo kwenye bei ya mtandaoni. Amana asitegemee kurudishiwa kabla hajapanda ndege. Hoteli inaiachia siku ya kuondoka, benki ya Tanzania inaweza kuichelewesha wiki moja au mbili. Achukue risiti ya kufutwa kwa amana, si neno la mpokea wageni.

Mashine ya hoteli itamuuliza: dirham, au fedha ya kadi yako? Abonyeze dirham, kila mara. Bili ya dirham 1,100 kwa kiwango cha mtandao wa kadi na makato ya asilimia 2 ni kama dola 305. Akikubali mashine imgeuzie, muuzaji anaweka kiwango chake. Kikizidi kwa asilimia 6 bili inakuwa dola 317. Ikiwa mhudumu amebonyeza kwa niaba yake, ana haki ya kuomba ifutwe na kurudiwa kabla ya kusaini.

Kabla ya kuondoka afungue matumizi ya nje kwenye programu ya benki, na aiache laini yake ya Tanzania ikiwa imewashwa huduma ya kutumika nje, hata kama data ananunua kule. Bila laini hiyo OTP haiji, na kadi inakuwa plastiki.

Matumizi ya Tanga yalibaki kwenye Lipa Namba na taslimu kama zamani. Maili hakuzikosa: kujiunga na Skywards ya Emirates, ShebaMiles ya Ethiopian au Asante Rewards ya Kenya Airways ni bure, na maili za kuruka huja kwa kumpa wakala namba ya uanachama wakati wa kukata tiketi, kadi iwe yoyote. Tiketi za bei ya chini huleta chache. Maili za Skywards huisha baada ya miaka 3, kwa hiyo achague programu moja ya shirika analolipanda zaidi, asigawe huku na kule.

Ile kadi ya dola yenye nembo ingeanza kujilipa kwa tiketi za shirika hilo za dola 5,600 hivi kwa mwaka, kwa hesabu ya maili 2 za senti 0.9 dhidi ya ada ya dola 100. Ni tiketi 13 za Dubai. Shemeji, ambaye ofisi yake huwakatia wafanyakazi tiketi karibu kila mwezi kupitia kwake, amerudi Dar es Salaam na fomu hiyo moja.